SOMO: Kuhakiki makala ya Wikipedia kuhusu ghorofa la kihistoria

Wakuu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, salaam. Kila mara napokea ujumbe uleule: "Nimepewa makala ya jengo nihakiki, naanzia wapi?" Naandika hapa mara moja tu, atakayeuliza tena nitamrushia kiungo. Mfano ni Woolworth Building ya New York, maana ina karibu mitego yote ya maghorofa ya zamani. Utaratibu ni wa Wikipedia ya Kiingereza, wa kupandisha makala hadi daraja la makala nzuri.

Hatua ya 1. Uwe na akaunti, na usiwe umechangia sana kuiandika makala hiyo. Mchezaji hawi refa.

Hatua ya 2. Soma yote bila kugusa kitu.

Hatua ya 3. Ipitishe kwenye kifaa cha kutambua maandishi yaliyonakiliwa. Nukuu na majina marefu ya taasisi vitawaka, kwa hiyo linganisha kwa macho kabla ya kumshutumu mtu.

Hatua ya 4. Fungua vyanzo. Hapa sitaki mzaha. Chagua tanbihi kadhaa kutoka sehemu tofauti za makala, tafuta ukurasa uliotajwa, soma chanzo, kisha urudi kwenye sentensi. Kiungo kufunguka si ushahidi wa chochote. Tuseme makala inadai Rais Woodrow Wilson alikwenda kulizindua jengo tarehe 24 Aprili 1913. Rais ndiye, tarehe ndiyo, ila Wilson alikuwa Washington. Alibonyeza kitufe kulekule na taa zikawaka New York. Sentensi ya namna hiyo inapita mbele ya macho ya watu kumi, kwa sababu kila mmoja anatambua jina na mwaka, anaridhika.

ONYO: tovuti za utalii na za madalali wa nyumba hunakili Wikipedia, kisha mwandishi anazileta kama ushahidi wa kilekile zilichonakili. Tazama historia ya makala. Kama sentensi ilikuwapo kabla chanzo hakijachapishwa, kikatae.

ONYO jingine: "refu kuliko yote duniani". Dai hilo lazima liwe na mwanzo na mwisho. Woolworth iliipokea nafasi kutoka Metropolitan Life Tower, jirani yake wa jiji hilohilo, ikaishika 1913 hadi 1930. Makala isiyosema iliishia lini haijamaliza kazi.

Na takwimu. Futi 792 ni mita 241. Piga hesabu mwenyewe. Idadi ya ghorofa ndiyo kichwa kinauma: kuna vyanzo vinavyosema 57 na vinavyosema 60. Usichague unayoipenda. Mwambie mwandishi aeleze tofauti, kila namba ibebe tanbihi yake. Hata Daraja la Kigongo–Busisi hapa kwetu taarifa nyingine zilisema kilomita 3, nyingine 3.2.

Hatua ya 5. Upana. Msanifu Cass Gilbert na mapambo ya Kigothi, mwenye jengo F. W. Woolworth kulipa dola milioni 13.5 bila mkopo: hayo hakuna anayeyasahau. Uliza yaliyofuata. Hadhi ya kihistoria ya taifa, 1966. Ya jiji, 1983. Kampuni aliyoianzisha Woolworth kuliuza jengo, 1998. Ghorofa 30 za juu kununuliwa 2012 ili zigeuzwe makazi. Makala inayokatikia 1913 ni nusu makala.

Hatua ya 6. "La kuvutia", "la kipekee": nani kasema? Jina la utani "Kanisa Kuu la Biashara" libaki, lina chanzo.

Hatua ya 7. Leseni za picha.

Hatua ya 8. Toa uamuzi: pitisha, angusha, au subirisha, kwa kawaida siku 7.

MASWALI

Sangara_Igogo: Somo zuri mkuu. Sasa naanzia wapi?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana_Kirumba: Tanbihi ziko zaidi ya mia mbili. Nifungue zote? Bando utanunua wewe?
Jibu: Nimeandika "kadhaa". Na hakuna aliyekulazimisha kuhakiki.

Binti_Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Kama chanzo ni gazeti la 1913 na kulisoma ni kwa kulipia, nimwamini tu mwandishi?
Jibu: Marahaba. Hapana, usimwamini tu. Kuna Maktaba ya Wikipedia, inafungua hifadhi nyingi bure kwa mwenye akaunti ya miezi 6, mahariri 500, na angalau 10 ndani ya siku 30 zilizopita. Kama hujafika huko, mwombe mwandishi akunukulie aya husika. Ni ombi la kawaida, wala hatachukia. Pia, tume ya jiji la New York ya kuhifadhi majengo iliandika ripoti ya Woolworth mwaka 1983. Inapakuliwa bure, na ina historia pamoja na usanifu.

Sangara_Igogo: Nimemaliza, nimepitisha! Kumbe rahisi.
Jibu: Ulifungua tanbihi zipi?
Sangara_Igogo: Zote zinafunguka mkuu.
Jibu: Rudi Hatua ya 4. Na uondoe huo uamuzi kabla mwingine hajakuondolea.

Mzee_Pasiansi: Nyongeza kwa mnaosomea kwenye simu: ukurasa wa 12 wa PDF mara nyingi si ukurasa wa 12 wa ripoti, jalada na dibaji vinahesabiwa. Tazameni namba iliyochapishwa kwenye karatasi.
Jibu: Wabeja sana mzee. Watu wamelaumiwa bure kwa hilo.

Binti_Nyegezi: Njia hii inafaa kwa majengo ya Wajerumani hapa mjini?
Jibu: Inafaa, tena huko madai ya hewani ni mengi. Ukikuta jengo la Wajerumani eti vifaa vyake vilishuka kwa treni hapa Mwanza, simama: reli ilifika 1928, Wajerumani wameshaondoka zamani. Kwa treni mpaka Kisumu kisha kwa meli, hilo linawezekana, maana reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901. Ila kuwezekana si chanzo, mdai tanbihi.