SOMO: Juisi ya rozela (choya) isiyo chungu. Soma yote kwanza ndo uulize

Kila nikifungua inbox ni lile lile, "mbona rozela yangu chungu", sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena natuma hii.

Hiyo kavu nyekundu ya sokoni tunaiita maua ila petali zilishadondoka kitambo, hicho ni kile kikombe chenye nyama kilichokuwa kimelishika ua. Karkade ya Misri na Sudan na bissap ya Senegal ni hii hii.

1. Chambua, toa vijiti.

2. Suuza fasta. Usiloweke, utamwaga rangi.

3. Kikombe 1 cha rozela kavu, maji lita 2.

4. Chemsha maji na tangawizi ya kuponda, mdalasini, karafuu mbili tatu. Rozela BADO.

5. Hapa ndo wengi wanaharibu. Maji yakishatokota ZIMA MOTO, ndo utie rozela, funika, acha dakika 15 hadi 20 basi. Ukiiacha jikoni itokote nusu saa eti ikolee, utapata kitu kizito chenye ukakasi na rangi inaelekea kahawia, na hapo hata umwage kilo ya sukari huokoi kitu. Halafu sufuria iwe ya stili, siyo aluminiamu, rozela ina asidi kali inakula aluminiamu, rangi inachafuka na ladha inakuwa ya ajabu. Usiniulize nimejuaje.

6. Chuja kwa kitambaa, mchanga huwa unajificha chini.

7. Sukari weka ikiwa bado moto. Poza, friji.

Mjamzito aachane nayo, na anayekunywa dawa za presha amuulize daktari kwanza maana rozela nayo inashusha.

MASWALI

Chaudele: Mkuu vipimo?
– Namba 3.

Mama Nuru: Mimi nna ua jekundu la uzio hapa getini, si ndo hilo hilo?
– Hapana dada, hilo ni ndugu yake tu, halina uchachu huu. Na jamani msichume ua lolote la uzioni mkatia kwenye jagi, oleanda nayo ni ua zuri na ni sumu.

Chaudele: Nimechemsha nusu saa imekuwa chungu, nifanyeje?
– Namba 5 ndugu yangu. Umesoma kweli?

Kijana wa Kondoa: Niliweka magadi kidogo kupunguza uchachu, ikageuka rangi kama wino, imeharibika?
– Swali zuri hili. Rangi ya rozela inafuata asidi, kwenye uchachu inakuwa nyekundu, ukitia magadi inaenda zambarau, ukizidisha inakuwa kijani kabisa. Kamulia ndimu uone inavyorudi nyekundu, watoto watafurahi. Ila ladha ya magadi haitoki, hiyo usinywe. Uchachu ukizidi ongeza maji.

Bi Shuu: Mwalimu umesahau karafuu nayo ni ua, tunalichuma likiwa tumba halijafunguka.
– Kweli kabisa bibie, na zafarani ya kwenye halua pia inatoka ndani ya ua.

Mama Nuru: Na maua ya maboga?
– Hayo matamu! Chuma ya dume, yenye kikonyo chembamba, lile lenye kiboga kidogo chini liache lizae. Bakiza madume machache pia, yasipokuwepo hakuna boga. Toa kile cha katikati, katakata, kaanga na kitunguu na nyanya, malizia na karanga za kusaga. Yananywea sana, chuma mengi.