Namna ya Kulinda Uvumbuzi Wako kwa Hataza

Ukibuni kitu kipya, jambo la kwanza ni kunyamaza. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako bila idhini yako, hutolewa kwa kitu ambacho hakijajulikana hadharani, na katika nchi nyingi sifa hiyo hupotea siku ile ile uvumbuzi unapoonyeshwa, kuuzwa au kuwekwa mtandaoni, hata kama aliyeutangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani humpa mvumbuzi muda wa mwaka 1 baada ya kuutangaza, lakini sheria za Ulaya ni kali zaidi, kwa hiyo ni hatari kutegemea nafasi hiyo. Ikiwa huna budi kumweleza fundi au mfadhili, atie saini mkataba wa usiri kwanza.

Wazo tupu halipewi hataza. Kinacholindwa ni ufumbuzi unaoelezeka na kutengenezeka, ulio mpya, usio dhahiri kwa mtaalamu wa fani husika, na unaoweza kutumika viwandani. Kabla ya kulipa ada yoyote, tafuta katika hifadhidata za Espacenet na Patentscope, ambazo ni za bure. Tafuta kwa kazi ambayo kifaa kinafanya, kwa sababu waandishi wa hataza hupenda maneno mapana, na mfuniko wa kawaida huweza kuitwa huko “kifaa cha kuzibia”.

Sehemu ya ombi inayostahili jasho lako ni madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya haki yako. Tuseme umebuni mfuniko ambao wenyewe hupunguza mvuke. Ukidai “mfuniko wenye springi 3 za shaba”, mshindani atatumia springi 2 za chuma na hutakuwa na la kumfanya. Ukidai kila mfuniko unaopunguza mvuke, mkaguzi wa ofisi ya hataza atakuonyesha mifuniko ya zamani na kukukatalia. Hapa ndipo fedha ya kumlipa wakala wa hataza inapojilipa. Maelezo nayo yawe kamili tangu mwanzo, maana baada ya kuwasilisha ombi huruhusiwi kuongeza jambo jipya.

Hakuna hataza moja ya dunia nzima. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba katika nchi nyingine wanachama bila kupoteza tarehe ya ombi hilo la kwanza, na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970 huongeza muda huo, kwa kawaida hadi miezi 30. Haki yenyewe hudumu miaka 20 tangu kuwasilisha ombi, mradi ulipe ada za kuidumisha.

Kwa kawaida ombi huchapishwa baada ya miezi 18, na kila mtu husoma siri yako. Kwa hiyo, ikiwa ni mchanganyiko ambao mshindani hawezi kuubaini kwa kuichunguza bidhaa, naona ni afadhali kuutunza kama siri ya biashara. Jina la bidhaa lisajiliwe kando kama alama ya biashara. Na ukishapata hataza, kagua soko mwenyewe, kwani kwa kawaida ofisi iliyoitoa haimfuatilii anayekuiga. Ni juu ya mwenye haki kumshtaki.