Jinsi ya kufuatilia vyama vidogo vya kisoshalisti vya Uingereza bila kuchanganyikiwa

Kama uko S6 (kidato cha sita) ama chuo na umepewa swali la wasoshalisti wa Uingereza mwanzo wa karne ya 20, tafadhali usianze na kukariri majina ya vyama, yatakumaliza. Chukua chama cha Henry Hyndman, msoshalisti wa Uingereza, tu: kilianza 1881, 1884 kikaitwa SDF (Social Democratic Federation), baadaye kikawa SDP (Social Democratic Party), 1911 kikaungana na makundi mengine kikawa BSP (British Socialist Party), alafu 1920 wengi wa BSP ndo walienda kuunda Chama cha Kikomunisti. Ukikariri utasema ni vyama vitano kumbe wengi ni watu walewale.

Fuata watu. Hapa kwetu Uganda aliyemfuata mwanasiasa Mugisha Muntu kutoka chama cha FDC mpaka chama chake kipya cha ANT 2019 hakupotea njia, na huko ni hivyohivyo.

Sasa chora mstari wa miaka kwenye daftari, na kila chama kiulize: kilikaa ndani ya Labour (chama kikubwa cha wafanyakazi) ama kilikataa? Februari 1900 vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti walikutana Memorial Hall, London, wakaunda kamati ambayo 1906 ilichukua jina la Labour. ILP (Independent Labour Party) ya Keir Hardie iliingia ikabaki hadi 1932, SDF iliingia ikatoka 1901 sababu wenzao hawakutaka kuweka vita vya kitabaka kuwa msingi. Alafu uliza: wanataka mabadiliko kidogokidogo ama mapinduzi moja kwa moja? Wale wagumu kabisa walitoka SDF, Waskoti wakaanzisha SLP (Socialist Labour Party) 1903, na watu wa London wakaanzisha SPGB (Socialist Party of Great Britain) Juni 1904, na hiyo mpaka leo ipo, hawajabadilika sana, mi nawaheshimu kwa ukaidi wao.

Swali lingine ni vita vya 1914 (Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia) na hapa ndo wanafunzi wengi wanaanguka. Hyndman aliunga mkono vita. Wengi ndani ya BSP walipinga (John Maclean wa Glasgow alifungwa kwa hiyo), na kwenye mkutano wa Pasaka 1916 Hyndman na watu wake wakatoka. Shida ni kwamba gazeti la zamani la chama, Justice, lilienda naye! BSP ikabaki na gazeti jingine, The Call. Kwa hiyo ukichukua Justice ya 1917 ukaandika "BSP walisema hivi" umeandika maneno ya wapinzani wao, kwa hiyo kabla hujanukuu gazeti lolote angalia mwaka, alafu angalia nani alikuwa analimiliki mwaka huo.

Usisahau pesa. Wabunge hawakulipwa mshahara mpaka 1911, walipoanza kupewa pauni 400 kwa mwaka, na kuanzia 1918 kila mgombea aliweka dhamana ya pauni 150, ukikosa kura moja kati ya kila nane zilizopigwa, pesa hiyo imeenda. Ongeza na ule mtindo wa mwenye kura nyingi anachukua kiti, chama kidogo kinapumulia wapi? Ndo maana ushindi wa msoshalisti Victor Grayson kwenye jimbo la Colne Valley 1907, bila baraka za Labour, ulishtua watu, ila 1910 akapoteza.

Idadi ya wanachama isome kwa jicho kali. BSP ilijidai ina watu 40,000, waliolipa ada walikuwa wachache zaidi.

Kusoma bure: Marxists Internet Archive ina magazeti na maandishi mengi, kurasa za maandishi ni nyepesi kwa bando lakini skani za magazeti ni nzito, zidownload ukiwa kwa waifai ya chuo. Na kama mwalimu anataka kitu kinachogusa Afrika, chukua Sylvia Pankhurst: alikuwa na kachama kake East London, akagombana na Wakomunisti mapema, kuanzia 1936 akatoa gazeti la kuitetea Ethiopia, na 1956 akahamia Addis Ababa kabisa. Huyo peke yake anakutosha insha nzima.