Ndugu Yako Amefungwa Bila Kosa? Siku 10 za Kwanza Ndizo Zenye Kazi

Mama mmoja wa Mpwapwa alinijia hati ya mashtaka ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Kijana wake alikuwa na siku nane tangu ahukumiwe, na sita kati ya hizo mama alizimalizia barazani kwa diwani, akingoja "aongee na wakubwa". Diwani hafuti hukumu. Hata mkuu wa wilaya, ambaye sheria inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, hukumu hana uwezo nayo.

Hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi inakatiwa rufaa Mahakama Kuu, kwetu ni ile ya Dodoma mjini. (Ya Mahakama ya Mwanzo inaanzia Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30.) Mfungwa atoe notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10. Akiwa Isanga au gereza jingine, aipitishe kwa mkuu wa gereza. Wewe huku nje omba kwa barua nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi (maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani), na barua yako igongwe muhuri wa mapokezi. Itunze kama hati ya shamba: petisheni ya rufaa, yaani hati yenye sababu zenu za rufaa, ina siku 45, na siku za kungojea nakala hazihesabiwi.

Nakala zikitoka, zisomeni mstari kwa mstari. Majaji wanatazama kilichoandikwa, si yanayosemwa kijiweni. Shahidi mkuu ni mwenyekiti wa kitongoji anayegombania mpaka wa shamba na mshtakiwa? Tafuta ugomvi huo ulipotajwa mahakamani. Alimtambuaje usiku? Taa ilikuwa wapi, umbali hatua ngapi? Kila kasoro iwe sababu yake ya rufaa.

Linaloniuma zaidi ni "kubali yaishe". Wazee wa kijiji humshauri hivyo kijana, naye anakiri asilolitenda. Aliyekiri kosa kwa kawaida hukatia rufaa adhabu tu, labda kukiri kwenyewe kuwe hakukueleweka.

Mkichelewa, ombeni Mahakama Kuu iongeze muda, kwa kiapo kinachoeleza kila siku iliyopotea. Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria. Upo kwa Sheria ya 2017, na ni bure.

Yule kijana aliweka dole gumba kwenye notisi siku ya tisa. Nakala tunazingoja.