Majipu yakizidi maskani: namna ya kufuatilia mlipuko kwa wanaojidunga

Ukiona watu watatu wanne wa maskani moja, yaani kijiwe cha wanaojidunga dawa za kulevya, tuseme huku kwetu Ngamiani Tanga, wanakuja ndani ya wiki moja na majipu au mguu umevimba na homa kali, usiseme ndo kawaida yao, anza kufuatilia na mganga mkuu wa wilaya ajue siku hiyohiyo.

Kwanza kubalianeni nani anahesabika: anayejidunga, dalili zipi, tangu lini, eneo lipi. Kila mmoja aandikwe kwa namba sio jina, na hilo daftari polisi wasilione kabisa, wakiliona tu maskani inahama na hutapata mtu wa kuongea naye tena. Usaha uchukuliwe kabla ya antibayotiki, na damu ya kuotesha vijidudu maabara ikiwezekana, mara nyingi ni bakteria wa stafilokokasi au streptokokasi ila sio kila mara.

Kazi yenyewe iko kwenye maswali jamani. Nenda na mtu aliyewahi kutumia wanayemuamini, kaeni chini, muombe mgonjwa akuelekeze hatua kwa hatua bila kumkaripia: kete ya unga (heroini) imetoka wapi, maji kateka wapi, kayeyushia kwenye kijiko au kifuniko, kaweka ndimu, pamba ya kuchujia ya nani, bomba la sindano limepita mikono mingapi, kadunga mshipa au nyama. Na kama sindano huwa anailamba, hiyo hawasemi mpaka uulize. Halafu waulize hivyohivyo wasioumwa wa maskani ileile, wengi wanaruka hapa, lakini kama wazima nao wametumia ndimu ileile basi tafuta kwingine.

Unga wenyewe pia ushuku. Uskoti mwaka 2009 hadi 2010 walihesabu wagonjwa 119 wa kimeta, wakiwemo wa kushukiwa, 14 wakafa, chanzo heroini iliyochafuliwa, na vijidudu vile kupasha kijiko hakuviui. Kwa hiyo uvimbe mkubwa usio na usaha, taya kukaza, au kope kulegea na kuona viwiliviwili, huyo mkimbize hospitali sasa hivi.

Usisubiri majibu ya maabara ndo uanze kusaidia. Gawa bomba mpya na maji safi, chanjo ya pepopunda, safisha vidonda. Na anayelazwa muongelee na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mapema, maana arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikimpanda atatoroka wodini na kanula mkononi, na dozi yake ya antibayotiki imeishia hapo.