Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi katikati ya London kwa reli ya Elizabeth

Msafiri wa Arusha akishatua Heathrow, uwanja wa ndege wa London, reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 24, 2022, humfikisha katikati ya London bila kubadili treni. Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha kadi yako ya benki ina alama ya kulipa kwa kugusa, na uulize makato ya malipo ya nje. M-Pesa haifungui mageti ya stesheni.

Kila mtu awe na kadi yake. Iguse kwenye kisomeo cha njano unapoingia, na kadi ileile unapotoka. Hapa ndipo wengi huumia: ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, mfumo huona safari mbili zisizokamilika, nawe hukatwa nauli ya juu mara mbili.

Heathrow Express, treni nyingine ya kwenda mjini, nayo huanzia Heathrow na hupokea kadi ileile, ila nauli yake ni kubwa zaidi. Soma ubao kabla ya kupanda.

Treni ya Elizabeth ina mabehewa 9, zaidi ya mita 200, hivyo ukikosea njia ya kutokea utaburuza mabegi mbali. Pale stesheni ya Liverpool Street, ncha moja ya jukwaa hukutoa Moorgate, stesheni ya jirani. Fuata vibao, usifuate umati.