Kuvua samaki kwenye barafu huku Minnesota: ndoo, mpini wa fagio na misumari vinatosha kuanzia

Wadau mlioko huku Minnesota, Marekani, hasa nyie mliokulia kando ya Ziwa Victoria halafu Desemba ikifika mnajifungia ndani mpaka Aprili, ziwa likiganda samaki hawajahama, wako palepale chini na wanavulika bila yale mahema yenye hita na skrini za kuonyesha samaki mnazoziona kwa majirani. Mi nilianza na ndoo tupu ya rangi, ndo kiti, ndo begi, ndo kapu la samaki.

Ila kabla ya ndoano tuongelee barafu. Idara ya Maliasili ya jimbo inasema mtu wa miguu anahitaji barafu mpya, ngumu, angavu, isiyopungua inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu tu, kwa hiyo hapo unataka unene mara mbili. Usikadirie kwa macho, na usiseme mbona jana kuna jamaa alipita na pikipiki ya theluji. Beba mtaimbo, kila hatua chache piga chini kwa nguvu, ukiona umetoboa kwa pigo moja geuka urudi kwa njia uliyojia. Mdomo wa mto na chini ya daraja usikanyage kabisa, maji yanayotembea hayagandi vizuri hata Januari. Ukisikia barafu inalia buum usiku wa baridi kali mara nyingi ni inatanuka na kusinyaa tu, mi siku ya kwanza nilikimbia nikaacha ndoo na kila kitu.

Halafu tengeneza kucha za kujiokolea. Kata vipande viwili vya mpini wa fagio vya kujaa kiganjani, kila kimoja gongomelea msumari mnene, kata kichwa chake, noa, unganisha vyote kwa kamba uvae shingoni. Ukizama geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ndo ilikuwa imekubeba, choma misumari, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo, na ukishatoka usisimame, bingirika mpaka mbali. Laifu jaketi vaa juu ya koti, na usiende peke yako.

Fimbo sasa. Kipande cha mpini uleule wa fagio, misumari miwili ya kuzungushia mshipi, basi. Mshipi uwe mwembamba, wa kuhimili uzito wa paundi 2 mpaka 4. Hapa ndo wengi wetu tunakwama, tunaleta nailoni ya kuvulia sangara na ndoano ya kutisha, mi msimu mzima wa kwanza nilikuwa nalisha samaki tu. Huku unatafuta bluugili, samaki bapa anayefanana na perege, na krapi, samaki mwingine wa maziwa ya huku, na wakati wa baridi anagusa chambo kidogo sana, kama mtu anaonja chumvi. Kwa hiyo funga springi ya kalamu ya wino kwenye ncha ya fimbo, upitishe mshipi humo, ikitikisika tu inua mkono. Ndoano iwe ndogo, chambo ni funza wa kununua dukani, waweke mfuko wa ndani wa koti wasigande.

Kitu cha kununua ni keekee ya mkono ya kutobolea barafu, hata iliyotumika, inchi 6 inatosha. Vipande vya barafu unavitoa shimoni kwa mwiko wa matundu, uleule wa kuepulia maandazi.

Shusha kwanza chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, peke yake mpaka iguse chini ujue kina, halafu chambo kikae kama futi moja juu ya hapo. Sababu ni kwamba maji yanakuwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, ndo yanayokaa chini, na samaki mwili wake unapoa na maji aliyomo, hana mbio za kufukuza kitu. Tikisa taratibu, tulia, mara nyingi anauma ukiwa umetulia. Dakika 20 bila kitu hama shimo, usikae hapo kama umepanga chumba. Krapi anachangamka jua likizama.

Mkikodi kibanda chenye hita acheni upenyo wa hewa, hita inatoa gesi ya sumu, ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa.

Leseni ni lazima kuanzia miaka 16. Kwenye barafu unaruhusiwa mishipi 2, na kwa maziwa mengi bluugili na jamii yake mwisho 20 kwa mtu, krapi 10, ila kuna maziwa yenye kiwango cha chini zaidi, soma kanuni za ziwa lako kabla.

Wazee wa sangara mtacheka ukubwa wake, mkononi anaishia kwenye vidole. Mparue, mchane ubavuni, chumvi, ndimu, mafuta yachemke kwelikweli. Mi nyumbani kwangu hawafiki mezani, wanaishia hapohapo jikoni.